Wazee wa Jukwaa la Tatu

Saa tano kasorobo asubuhi, siku ya mwisho ya mwezi wa saba, Bi Dot Klaassen alikuwa anafuta viti vya jukwaa la tatu kwa taulo la bluu lililopauka. Mechi ilikuwa ianze saa sita na dakika tano mchana, mapema kuliko kawaida, kwa sababu ilikuwa Jumatano ya kambi za watoto, na mabasi ya njano yalikuwa yameshapanga foleni kwenye uwanja wa magari. Bi Dot alifuta kwanza viti vya wazee, safu mbili za mbele, kisha vya watu wengine. Wazee huja mapema na hawapendi umande.

Wazee hao ni wachezaji wenyewe. Kila kijana anayevaa jezi ya besiboli ya Kedron ana mtu wake jukwaa la tatu, naye ni yeye mwenyewe, akiwa na miaka arobaini na ushee, au hamsini, au umri wowote aliojaliwa kuja nao. Walianza kuja msimu ule mto ulipofurika, viti vya mbao vikang'olewa na kuwekwa vya plastiki. Mwaka wa kwanza watu wa Kedron walisemasema kanisani. Mwaka wa pili walilalamika kwamba wazee wanamaliza haradali. Siku hizi hakuna anayewazungumzia, isipokuwa Bi Dot, ambaye huwadai vitambulisho wakitaka tiketi ya punguzo.

"Hapa pameandikwa una miaka ishirini na moja," humwambia mtu mwenye mvi. "Punguzo ni la wazee."

"Nitazame basi, Bi Dot."

"Nakutazama. Lipa."

Vijana uwanjani hawawatambui. Mtu wa miaka ishirini hamtazami usoni mtu wa makamo, na akimtazama huona kitambi na viatu tu. Mdakaji mmoja wa zamani alizoea kumrushia mzee wake mpira kila mechi ikiisha, wakitaniana kupitia wavu, na hadi anaondoka Kedron alidhani yule ni shabiki mwenye moyo mzuri. Na kila msimu kuna kiti kimoja au viwili ambavyo hakuna anayekuja kuvikalia. Viti hivyo Bi Dot huvifuta mara mbili.

Aliyekuwa na kazi na wazee hao ni Lyle Tvedt, msaka vipaji wa klabu kubwa kwa miaka thelathini na mmoja, mtu mrefu, mpole, aliyevaa kofia ya turubai hata ndani ya nyumba. Wasaka vipaji wa klabu nyingine hukaa nyuma ya mdakaji, wamemwelekezea mrushaji vipima kasi vyao. Lyle alikaa jukwaa la tatu, safu ya tatu, na mfuko wa karanga za maganda.

Kedron ni klabu ya kulelea. Vijana hupikwa hapo miaka miwili mitatu, kisha klabu kubwa ya mjini huja kuchukua inaowataka. Lakini kila mwaka mwezi wa saba ukielekea kwisha, klabu kubwa ikijiona imekaribia ubingwa, hushikwa na uchu wa wakongwe: watu wa miaka thelathini na tano, wenye majina, ambao klabu zilizokata tamaa ziko tayari kuwaachia. Mkongwe analipiwa kwa vijana. Swali ni lilelile kila mwaka, vijana gani na wangapi, na hapo ndipo Lyle alipokuwa mtu wa maana. Wenzake walikisia kijana atakuja kuwa nani. Yeye alikuwa anampitishia karanga.

Alikuwa na utaratibu wake. Huketi nyuma ya mzee, upande wa kulia, na kumnyooshea mfuko begani kwa upande huohuo. Anayezipokea kwa mkono wa kulia, salama. Anayejipinda kuzichukua kwa kushoto, Lyle hufungua daftari. Kisha hutazama magoti wakati wa kusimama kwa wimbo wa taifa, na viatu, na kama mtu amekuja kwa gari lake au kwa basi. Hakuwauliza kitu. Habari aliyoitaka ilikuwa imeandikwa mwilini, na yeye alijivunia kuisoma bila kumsumbua mtu.

Hakupatia kila mara. Mwaka mmoja alikuja mzee wa mchezaji wa nyuma kushoto, suti ya kitani, saa nzito, meno mapya, na Lyle akaandika kwamba kijana huyo asitolewe hata kama wangeletewa mkongwe wa namna gani. Klabu ilimng'ang'ania miaka sita. Ikaja kujulikana kwamba mali yake ilitokana na kuuza bima. Tangu hapo makao makuu yalimwomba Lyle habari za mavazi aziandike pembeni.

Makao makuu siku hizi ni Preston Aldaker, mwenye miaka thelathini na minne na kompyuta tatu. Aldaker aliukuta mpango wa jukwaa la tatu, akautengea safu yake kwenye majedwali, katikati ya kasi ya mpira na idadi ya majeraha, na hakuuliza tena. Aliongeza jambo moja tu, barua ya kurasa mbili: mchezaji asiambiwe chochote kuhusu mzee wake, ili kulinda ari yake. Lyle aliitii barua hiyo miaka minne. Haikumpa shida, kwa sababu vijana hawakuuliza.

Anyelo Peguero alikuwa mrushaji, miaka ishirini, mzaliwa wa kijiji cha wachimba chumvi karibu na mji wa Baní, ng'ambo ya bahari. Lyle ndiye aliyemwona kwanza, akiwa na miaka kumi na saba, anarusha mpira kwenye kiwanja cha mchanga na chumvi bila viatu, na kila anayesimama mbele yake na rungu anacheka kwa woga. Jioni ile Lyle alilishwa kwao wali, maharage na samaki, akapewa kiti pekee chenye mgongo. Mama yake, Altagracia, alimshika mkono mlangoni akamwambia, "Huyu hana baba. Mwangalie." Lyle alisema atamwangalia, na alikuwa na maana hiyo hasa. Sasa Anyelo alikuwa anatupa mpira maili tisini na nane kwa saa, na mtu aliyempigia simu kila Jumapili, baada ya mama yake, alikuwa Lyle.

Anyelo mkubwa alianza kuja mwezi wa tano. Alikuwa na miaka arobaini na saba, amevaa shati la kijivu la wapakia mizigo wa uwanja wa ndege, lenye mstari unaong'aa mgongoni. Lyle alimnyooshea mfuko begani kwa kulia. Yule bwana alijipinda kiunoni, akazichukua kwa kushoto. Mkono wa kulia ulibaki pajani, na ndani ya kiwiko lilionekana kovu lenye urefu wa kidole, lililoshonwa na mtu mwenye haraka.

Lyle alikwenda akakaa ndani ya gari lake dakika kumi. Kisha akaandika: *Peguero, mrushaji. Mkono wa kulia hauvuki bega. Atolewe angali ana thamani.* Iliuma, lakini aliandika. Alijiambia kwamba mkono utakatika popote utakapokuwa, na kwamba afadhali klabu ipate kitu. Alijiambia pia kwamba kijana akiambiwa mapema ataanza kuubembeleza mkono na kuwa si chochote. Wasaka vipaji wote husema hivyo, na hulala vizuri.

Mwezi wa saba klabu kubwa ilikuwa nyuma ya vinara kwa mechi tatu na haina mpigaji. Aldaker alimtaka Garrett Pruitt wa klabu moja ya pwani ya magharibi. Pruitt alikuwa na miaka thelathini na saba, kiuno kimeshakufa, anakimbia kwa kubembeleza, lakini akiuona mpira bado anautoa nje ya uwanja. Mkataba wake ulibakiza miezi miwili. Kwa miezi hiyo miwili klabu ya pwani ilimtaka Anyelo Peguero, miaka sita ya Anyelo Peguero, na haikutaka mwingine.

"Mnatoa mahindi machanga shambani mpate gunia la mwaka juzi," Bi Dot alimwambia Lyle asubuhi hiyo, akikamua taulo. Mumewe alilima mahindi miaka arobaini.

"La mwaka juzi linalika leo, Dot."

"Leo mtashiba. Mwakani?"

"Mwakani bosi atakuwa na kazi nyingine."

"Na wewe?"

"Mimi mwakani nastaafu."

"Ala! Kumbe wote mnakula na kuondoka," alisema Bi Dot, akahamia safu ya pili.

Jana yake Aldaker alikuwa amempigia simu na kumwomba jambo moja zaidi. Alitaka tarehe. Kama mkono wa Peguero ungekatika baada ya miaka mitano, basi wangemtumia kwanza minne na kumtafutia Pruitt kijana mwingine. Kama ungekatika karibuni, aende leo, kabla dirisha la kubadilishana wachezaji halijafungwa saa kumi na moja jioni. "Wewe una uhusiano nao mzuri, mzee wangu," alisema. "Muulize tu."

Kwa hiyo Lyle, kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, alihamia safu ya pili na kukaa kando ya mzee. Anyelo mkubwa alimpisha miguu.

"Mkono huo uliupata lini?" Lyle aliuliza.

"Mwezi wa nne. Mwaka wa pili."

"Wa pili toka lini?"

"Toka mnipeleke kule pwani."

Aliyasema kama mtu anayeeleza alivyokosa basi. Watu wa kule walimpenda Pruitt miaka kumi na mmoja, na sasa kila Anyelo akiingia uwanjani wanampigia miluzi. Kocha wao alitaka kuwaonyesha kwamba hawakupunjwa, basi alimwacha arushe. Mpira wa mia moja katika mechi moja, wa mia na kumi, na ukungu wa bahari unaingia mpaka huoni vidole vya mdakaji.

"Kiwiko kilikuwa kinaniwasha toka kipupwe," alisema. "Sikumwambia mtu. Ningeanzaje? Nilikuwa ndiye bei ya Pruitt. Nikadhani ni uchovu, maana hakuna aliyewahi kuniambia nina kiwiko kibovu. Kwenye mpira wa mia na ishirini na moja ndipo mkono ulipokatika. Nilisikia mlio kabla ya maumivu."

"Na ungebaki hapa?"

"Nitajuaje, mzee? Mimi nilienda."

Lyle alitazama daftari lake magotini. Miaka tisa alikuwa anasoma miili ya watu hawa kama taarifa ya hali ya hewa, jambo linalokuja lenyewe, na hakuwahi kumuuliza hata mmoja wao lilikotoka. Alifikiria mikono mingine, magoti mengine, majina kumi na tisa aliyoyaandikia *atolewe*. Aliona aibu. Aliinuka akaenda nyuma ya kibanda cha soseji kupiga simu.

"Bosi, ule ukurasa wangu wa mwezi wa tano kuhusu Peguero, ufute."

"Mkono umepona?" Aldaker aliuliza.

"Haujapona. Lakini unakatika kwa sababu tunamtoa. Ni kule wanakouvunja, kwa ajili ya Pruitt. Tukimwacha hapa tukamtunza, huenda usikatike."

Ilisikika sauti ya vidole kwenye kibodi. "Kovu lipo? Sasa hivi, ukimtazama?"

Lyle alichungulia pembeni ya kibanda. "Lipo."

"Basi tumeshamtoa, mzee wangu. Lisingekuwepo ndipo ningejua tumebadili mawazo." Aldaker hakuwa anafanya mzaha, aliona ni hesabu nyepesi. "Na inakuwa karibuni, ahsante, hilo ndilo nililotaka. Nafunga mazungumzo na pwani sasa hivi."

"Nimwambie basi kijana ajihadhari. Maneno mawili tu."

"Ukimwambia, atawaambia madaktari wao. Wakijua, watamrudisha na kumtaka Pruitt wao. Picha za kiwiko wamepiga wenyewe wakaona kizima, hatukuwaficha kitu. Lyle, umebakiza miezi minane. Nenda kaangalie mechi."

Lyle alirudi kwenye kiti chake. Mechi ilikuwa imeanza. Watoto mia nane wa kambi, kila kambi na fulana ya rangi yake, walikuwa wanapiga kelele ambazo hazikuhusiana na chochote kinachotokea uwanjani. Anyelo alikuwa kwenye kituta. Alikuwa na kawaida ya kuvuta kola ya jezi kwa meno kabla ya kurusha, kisha mguu unapanda, mwili unafunguka, na mpira umeshafika. Wapigaji watatu wa kwanza walirudi kwenye benchi lao wakitazama marungu yao. Ilikuwa raha kumwona, na Lyle alimwona kwa uchungu. Siku hiyo kijana alikuwa anarusha vizuri kuliko siku yoyote.

"Nilikuwa na makali leo," alisema Anyelo mkubwa.

"Ulikuwa nayo."

"Yule mrefu wa kwanza pale kwenye benchi aliniibia soksi mwezi wa sita. Nimemsamehe."

Zamu ya tano ilipoanza Anyelo alikuwa hajaguswa na mtu. Alitupa mipira miwili kwa mpigaji wa kwanza, yote safi. Kisha kocha Hennigan alitoka benchini, polepole, mikono mfukoni, na uwanja ukajua. Kocha hamwondoi mrushaji anayefanya vizuri hivyo, katikati ya mpigaji, mwezi wa saba ukiwa umebakiza saa chache, isipokuwa kwa sababu moja. Kocha alinyoosha mkono. Anyelo alimpa mpira kwa kuchelewa kidogo, kama anayempa mtu kitu asichojua ni cha nani.

Alipofika kwenye benchi walianza kumkumbatia. Hivyo ndivyo inavyotangazwa. Hakuna anayesema lolote kwanza. Wachezaji walijipanga, mmoja baada ya mwingine, glavu kwapani, na kila mmoja alimshika kichwa na kukigonga na chake. Yule mrefu alimkumbatia muda mrefu kuliko wote. "Milionea!" walimpigia kelele. "Ukifika kule usijifanye hutujui!" "Nani sasa atatupikia ule wali wa kuungua?" Anyelo alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Watoto wa kambi, wakiona wakubwa wanakumbatiana, walianza kukumbatiana na wao, fulana nyekundu na fulana za kijani, mpaka walimu wao wakaingilia kati.

"Pale nilidhani nalia kwa furaha," alisema Anyelo mkubwa. "Kwa sababu mtu kama Pruitt alitolewa kwa ajili yangu. Nikasema, tazama ninavyopimwa."

Redio ya Bi Dot, chini ya kiti, ilikuwa imeshaipata habari. Mtangazaji alisema klabu imefanya jambo la kishujaa. Mwenzake alisema vijana ni ndoto, Pruitt ni mtu wa nyama na mifupa. Bi Dot aliizima kwa kidole cha mguu.

Nusu saa baadaye Anyelo alitoka chumba cha kubadilishia nguo, nywele mbichi, begi moja begani, la kulia. Gari la kumpeleka uwanja wa ndege lilikuwa linamngoja, lile la kijivu la klabu, na dereva wake Elmer ambaye hupeleka kila mtu. Anyelo hakwenda kwenye gari. Alizunguka nyuma ya wavu hadi jukwaa la tatu, akamtafuta Lyle kwa macho, akamwona, akapanda ngazi mbilimbili.

"Mzee! Umesikia? Nimempigia mama, hata hakusikia jina la klabu, ameanza kupiga mayowe tu, jirani wameingia wakidhani pana msiba." Kisha alimwona mtu aliyekaa kando ya Lyle, na kwa kuwa amelelewa vizuri alitoa kofia. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," alisema Anyelo mkubwa. "Hongera."

"Ahsante, mzee." Alimrudia Lyle. Aliinama, akapunguza sauti, na furaha ikampungua usoni kidogo, akaonekana mtoto. "Mzee, wewe ndiye uliyenitoa kwenye chumvi. Wengine wote wananisifu tu. Wewe niambie kweli. Kuna kitu chochote nijihadhari nacho kule? Mkono wangu umeuonaje?"

Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka tisa mchezaji kuuliza. Lyle aliuona mkono huo, mrefu, mweusi, mzima, umeshika kamba ya begi. Alikuwa na sentensi tayari, fupi, amekwisha kuipanga nyuma ya kibanda cha soseji: ukianza kukuwasha kiwiko, acha, mwambie daktari, usimwogope mtu. Alifungua kinywa. Akamfikiria Aldaker, na ile barua, na miezi minane, na nyumba ndogo ya ziwani ambayo alikuwa ameshachagua rangi yake. Hayo yote yalipita haraka, na hata moja halikuwa kubwa.

"Mkono wako ni mzima," alisema. "Rusha tu."

Anyelo alimkumbatia. Alinukia sabuni. Aliruka ngazi akashuka, akampungia Bi Dot, akatokomea upande wa uwanja wa magari.

Anyelo mkubwa alitazama uwanjani mpaka mpigaji mmoja wa wageni alipotolewa.

"Ndivyo ulivyosema," alisema. "Maneno yaleyale. Nilikuwa nimeyasahau, nikawa najiuliza labda ulinionya nami sikusikia kwa sababu ya furaha. Nimekuja toka mwezi wa tano ili nisikie mwenyewe."

"Nisamehe," alisema Lyle.

"Bado yupo pale." Aliashiria kwa kidevu. Kupitia upenyo wa jukwaa lilionekana gari la kijivu, mlango wa nyuma umefungwa, na Elmer amepiga magoti anatafuta kitu chini ya kiti cha mbele. "Mzee Elmer ameangusha miwani. Nilikaa mle ndani nikimngoja, kioo nimekishusha, nawatazama watoto. Ni dakika nne. Nazikumbuka kwa sababu saa ya gari ilikuwa mbele yangu."

Kutoka safu ya pili hadi kwenye gari ni hatua sitini, na nyingi ni za kuteremka. Lyle alishika mkono wa kiti. Alivua kofia, akatazama ndani yake, akaivaa. Uwanjani mrushaji mpya wa Kedron alirusha ovyo hata wapigaji wawili wakapewa kituo cha bure, na watoto wakashangilia. Bi Dot, ambaye hakuwa amesikia neno, alipita na taulo lake na kuwaomba wainue miguu. Lyle aliinua miguu. Alisema ataenda akimaliza kupita. Bi Dot alimaliza kupita. Goti lilimuuma, au alisema lilimuuma.

Elmer aliipata miwani yake, akaipangusa kwa tai, akaingia garini. Gari lilitoka polepole kati ya mabasi ya njano, likangoja lori la soda lipite, kisha likashika barabara ya mashamba.

Anyelo mkubwa aliinuka, akatia mkono wa kulia mfukoni kwa kuusaidia na wa kushoto, na akasimama kidogo, si kwa hasira.

"Safari hii dakika zimekuwa tano," alisema, akashuka ngazi.